Wageni wa Kalambo hulala kwingine

Waulize wenye nyumba za kulala wageni mjini Matai, mkoani Rukwa, kwa nini Maporomoko ya Kalambo hayajawatajirisha, na jibu la kwanza halitakuwa umbali. Watakuambia habari ya saa. Mgeni anafika asubuhi, anatazama maji, anapiga picha, na alasiri gari limeshageuza kurudi Sumbawanga. Chakula kaja nacho, maji kaja nayo. Kinachobaki ni kiingilio, ambacho ni mapato ya hifadhi, na nauli ya bodaboda wachache.

Mali yenyewe haina mjadala. Mto Kalambo, mpaka wetu na Zambia, unafika ukingoni na kudondoka kwa mkupuo mmoja, bila kugonga mwamba wowote katikati, zaidi ya mita 220 hadi kwenye korongo linaloelekea Ziwa Tanganyika. Maporomoko ya Victoria, yenye sifa dunia nzima, yana mita 108. Upande wa Tanzania eneo hili ni hifadhi ya mazingira asilia ya misitu, na ukitokea Dar es Salaam hadi Sumbawanga peke yake ni zaidi ya kilomita 1,000.

Ofisa mmoja wa maliasili aliyezungumza kwa sharti la kutotajwa alishikilia takwimu moja kwa muda mrefu wa mazungumzo: mita 235, na kwamba Kalambo ni ya pili kwa urefu Afrika. Mita 235 ndizo zinazorudiwa sana huku kwetu. Vipimo vingine vinasema 221. Hiyo nafasi ya pili ndiyo yenye shida zaidi. Tugela ya Afrika Kusini inatajwa kuwa na mita 948 katika mianguko mitano, na Mutarazi ya Zimbabwe ina mita 762. Kalambo inapata nafasi yake pale tu mtu anapochagua kwa uangalifu namna ya kuhesabu. Hilo lingekuwa dogo kama mkakati mzima wa kuitangaza usingeegemea cheo hicho. Mtalii haendi Rukwa kwa sababu ya cheo, na akishafika cheo hakimpi kitanda.

Ofisa huyohuyo alisogea kwenye hesabu za kitaifa: watalii wa kimataifa 1,808,205 mwaka 2023, kisha 2,141,895 mwaka 2024. Kwa maelezo yake, wimbi hilo lazima lifike Nyanda za Juu Kusini. Nilipomuuliza wangapi kati yao wamelala walau usiku mmoja wilayani Kalambo, alirudi kwenye idadi ya wanaopita getini. Wanaoingia nchini huhesabiwa mipakani na kwenye viwanja vya ndege, na wengi wao safari yao ni Zanzibar, Serengeti, Ngorongoro na Kilimanjaro. Wimbi la Zanzibar halina njia ya kufika Matai isipokuwa mtu ailipie.

Walipaji nao wamekuwa adimu. Mkopo wa kimataifa wa dola milioni 150 ulioidhinishwa mwaka 2017 kukuza utalii wa Kusini ulilenga Mikumi, Ruaha, Udzungwa na eneo la Selous ya zamani. Rukwa haikuwamo, na mwaka 2024 mradi wenyewe ulisimamishwa.

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Matai ndiye aliyenieleza biashara hii vizuri kuliko yeyote, na alieleza kwa hasira. Wateja wake wakubwa, anasema, ni vikundi vya semina kutoka taasisi za umma, vinavyopanga siku ya mwisho kwenda kutazama maporomoko. Wanakula, wanalala, wanaacha barua ya ahadi ya malipo. Yeye humlipa muuza kuku na mchuuzi wa migebuka kutoka Kasanga papo hapo, kwa sababu hawakopeshi. Fedha ya semina inakuja baada ya miezi, nyingine bado anaifuatilia. Mtalii wa kigeni angelipa taslimu, lakini yule humpita: kalala Sumbawanga, au kaja na hema lake. Analalamika pia kuhusu hali ya getini, ambako malipo yanahitaji namba ya malipo ya serikali na mtandao ukikatika wageni husubiri hadi siku inaisha. Ofisa aliniambia tatizo hilo limekwisha. Madereva niliowauliza wanasema halijaisha.

Kuna suala la msimu ambalo vipeperushi havilisemi. Mto hujaa kuelekea mwisho wa mvua, Februari hadi Mei, wakati ambapo kipande cha udongo kati ya lami na kijiji cha Kapozwa kinateleza. Kiangazi barabara ni nzuri, lakini maji yamepungua sana. Ndipo marabu wanapotaga kwenye kuta za genge, jambo ambalo wapenda ndege wangelilipia kama wangeambiwa.

Wazambia wana hadithi nzuri zaidi ya kuuza. Mwaka 2023 watafiti walitangaza magogo yaliyochongwa na kuunganishwa, yaliyofukuliwa juu kidogo ya maporomoko, yenye umri wa takriban miaka 476,000, kabla ya binadamu wa aina yetu kuwapo. Zambia iliiweka Kalambo kwenye orodha yake ya awali ya urithi wa dunia tangu 2009. Huku kwetu waongozaji niliowasikiliza hutaja mita. Ningekuwa na neno moja kwa wapangaji, lingekuwa kuwafundisha vijana wa Kapozwa habari ya magogo hayo mwaka huu, maana haigharimu lami.

Matumaini yapo. Lami ya Sumbawanga–Matai–Kasanga imepunguza machungu mengi, na wafanyabiashara wa Kasanga bado wanawakumbuka wazungu wa mabegi mgongoni walioshuka kutoka meli ya Mv Liemba. Uwanja wa ndege wa Sumbawanga unaweza kubadili hesabu. Unaweza pia kuishia kuwarahisishia wanaokuja asubuhi na kuondoka jioni. Yule mama wa Matai alikuwa amechora ramani ya vyumba vya ziada. Ameviahirisha, na mtaji wa mwaka huu ameuweka kwenye mahindi, ambayo mnunuzi wa Tunduma huja na fedha mkononi.