Zima Tivii, Mpeleke Mtoto Pugu

Ukishafika miaka thelathini na kitu, una kazi inayoeleweka na ndoa bado changa, usishangae simu ikalia siku moja na mtoto wa ndugu yako akaja kukaa kwenu. Ndivyo tulivyo. Kitanda kinanunuliwa, ada inalipwa, sare inashonwa. Lakini mazungumzo je? Asubuhi "shikamoo", usiku "lala salama", na katikati ni tivii na simu tu.

Kwetu yupo kijana wa miaka 12, mtoto wa dada yangu. Mama yake yuko Muscat, Oman, kikazi. Kabla ya kuja kwetu ameshakaa kwa bibi yake Tanga, kisha kwa mjomba wake Morogoro. Wala hana tatizo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; huyu wa kwetu alishika jembe siku ya kwanza. Anaosha vyombo bila kutumwa, haombi kitu, hagombani na mtu. Hilo hasa ndilo lililotutia wasiwasi mimi na mume wangu. Mtoto asiyedeka nyumbani bado anajihesabu mgeni.

Basi Jumamosi moja nikamwambia avae raba, tunakwenda msituni.

Kwa nini Pugu?

Kwanza ni karibu. Kutoka katikati ya Dar es Salaam ni kama kilometa 30: unafuata Barabara ya Nyerere, unapita uwanja wa ndege na Gongo la Mboto, unapandisha vilima kuelekea Kisarawe. Pale ipo Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Jirani yake kuna shule aliyofundisha Mwalimu Nyerere kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955 ili aitumikie TANU. Kijana wangu alilisoma hilo darasani, lakini hakuwa amejua ni hapa hapa.

Pili, ni msitu wa kweli. Njia inashuka kwenye makorongo yenye kivuli kizito, mizizi imetokeza kama ngazi, na joto la mjini unalisahau. Kuna komba wanaotoka usiku, kima juu ya miti, na sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama kamkonga. Kuna pia mapango yaliyochimbwa na watu waliokuwa wakitafuta kaolini, udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kaure. Siku hizi wenye nyumba ni popo, na jioni hutoka kwa maelfu.

Mazungumzo ya korongoni

Njia ya korongoni ni nyembamba, mnatembea mmoja nyuma ya mwingine. Hakuna anayemtazama mwenzake usoni, na mtoto mkimya anapenda hivyo. Saa nzima ya kwanza tulisemezana mambo ya siafu na matope. Tulipofika kwenye kijito, mwongozaji akatueleza kwamba Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima hivi.

"Ule wa Jangwani? Unaofurika?" kijana akauliza.

Ule ule. Mvua ikinyesha huku, miti na udongo wake hushika maji yasishuke kwa pupa. Miti ikikatwa kwa mkaa, wa bondeni wanalipa.

Akatumbukiza mkono majini. "Kwa hiyo haya yanafika baharini?"

"Yanafika."

"Na Muscat kuna bahari?"

Nikamwambia ipo, Bahari ya Oman, na inaungana na hii yetu. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza bila kunitazama: "Mamdogo, mwakani nitakuwa kwa nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa vile vyombo. Nikamjibu kwamba hilo haliamuliwi na mtu mmoja, ila usiku huo huo nitazungumza na baba yake mdogo, na jibu atalipata yeye wa kwanza.

Tulizungumza mpaka saa sita usiku, mimi na mume wangu. Tulipiga hesabu ya ada, ya chumba, na ya mtoto wetu wenyewe tunayemtarajia Mungu akijalia. Asubuhi tukampigia dada, kisha tukamwita kijana mezani: atakaa hapa mpaka amalize kidato cha nne, au mama yake arudi, lipi litangulie. Akasema "sawa". Wiki ile ile akagombea rimoti na baba yake mdogo. Tulifurahi kweli!

Kabla hamjatoka

Nendeni miezi ya kiangazi, Juni hadi Oktoba. Masika njia zinateleza. Ulizeni kiingilio mapema na mchukue mwongozaji, hasa kwa mapangoni. Vaeni raba na suruali ndefu, bebeni maji ya kutosha, chapati, ndizi na mayai ya kuchemsha, na mrudi na taka zenu.

Wapenzi wasomaji, kama ni wawili mnaolea mtoto wa ndugu, si lazima mwende wote watatu. Mmoja atangulie naye, mwingine safari ijayo. Na akiuliza swali gumu, msimjibu kwa "tutaona". Kaeni, pigeni hesabu zenu, mpeni jibu lenye tarehe.