Kikohozi cha Cleveland

Kijana huyo alikuwa na miaka 26, na kilichompeleka hospitali kilikuwa vali ya moyo iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Mishipa inayolisha moyo wake hakuna aliyekuwa na nia ya kuigusa. Tarehe ilikuwa Oktoba 30, 1958, na mahali ni chumba cha chini ya jengo la Cleveland Clinic, jimboni Ohio, Marekani. Daktari Mason Sones alikuwa amejibanza shimoni, chini ya kitanda cha mgonjwa, kwa sababu mtambo wa eksirei aliokuwa akiutumia ulikuwa mkubwa mno na picha ilibidi itazamwe kutokea chini. Huko juu, msaidizi wake alikuwa tayari kusukuma dawa ya rangi kwenye aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni.

Dawa ikasukumwa. Hapo ndipo Sones alipoona kwamba ncha ya katheta, ule mpira mwembamba uliopitishwa mwilini, imeponyoka na kuingia kwenye mdomo wa mshipa wa moyo wa upande wa kulia. Karibu mililita 30 za dawa iliyokusudiwa mshipa mkuu zikamiminika ndani ya mshipa wenye upana wa milimita chache.

Yaliyofuata aliyasimulia mwenyewe miaka mingi baadaye, na ni simulizi hiyo iliyoninasa. Anasema alipiga kelele katheta itolewe. Akapanda kutoka shimoni, akaizunguka meza akitafuta kisu, maana alikuwa na hakika moyo utaanza kutetemeka ovyo na itabidi apasue kifua ili aushtue. Akatupa jicho kwenye mstari wa ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Hapakuwa na mtetemeko wowote. Mstari ulikuwa umenyooka: moyo umesimama.

Mgonjwa, hata hivyo, bado alikuwa na fahamu. Sones akakumbuka kwamba kikohozi kikali huongeza msukumo wa damu kwenye aota, akawaza kwamba huenda msukumo huo ukaifagia dawa iliyojaa mshipani. Akamfokea kijana akohoe. Akakohoa, mara tatu au nne. Moyo ukarudi, kwa kusuasua mwanzoni, kisha mbio.

Wengi wetu tungeufunga mlango wa chumba kile na kushukuru Mungu. Sones alitoka na hesabu tofauti. Kama moyo umestahimili dozi kubwa kiasi kile, alisema, basi dozi ndogo, ikisukumwa makusudi kwa katheta iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, itastahimilika pia. Madaktari wa wakati huo waliamini kwamba kujaza dawa ya rangi ndani ya mshipa wa moyo ni kumuua mtu. Kumbe mshipa ungeweza kupigwa picha ukiwa ndani ya mtu aliye hai, tawi kwa tawi. Mwaka 1962 akaichapisha mbinu yake.

(Alikuwa mtu wa vituko huyu. Inasimuliwa kwamba alivuta sigara hata kazini, akiishika kwa koleo safi za upasuaji asije akachafua glavu zake. Saratani ya mapafu ilimwua mwaka 1985.)

Zao la picha zake linajulikana. Mwaka 1967, hapo hapo Cleveland, René Favaloro kutoka Argentina alianza kuwapandikizia wagonjwa mshipa wa mguuni ili damu ya moyo ipite njia ya pembeni. Mwaka 1977, mjini Zürich, Andreas Grüntzig akatanua mshipa wa moyo kwa puto. Hakuna kati yao ambaye angejua pa kushika bila ramani ya Sones. Siku hizi katheta huingizwa kwenye kifundo cha mkono au kwenye kinena, na wagonjwa wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Hapa Tanzania, tangu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ianzishwe Dar es Salaam mwaka 2015, kazi ya kuzibua mishipa kwa mtambo wa Cathlab bila kufungua kifua imekuwa habari ya kawaida magazetini.

Kinachonikereketa ni kwamba picha hii, iliyozaliwa kwa ajali, iligeuka kuwa hakimu. Kila kipimo kipya cha mishipa ya moyo hupimwa kwayo. Kikitofautiana nayo, kipimo kipya ndicho kimekosea. Lakini hakimu huyo anaona nini hasa?

Anaona njia ya damu tu. Dawa ya rangi hujaza uwazi wa mshipa na eksirei huchora kivuli cha uwazi huo. Ugonjwa wenyewe hauishi kwenye uwazi, unaishi ukutani. Mwaka 1987, Seymour Glagov wa Chicago na wenzake walichapisha uchunguzi wa mioyo 136 ya marehemu. Waligundua kwamba mafuta yanapojijenga ukutani, mshipa hutanuka kwa nje na kuiacha njia ya damu karibu ilivyokuwa, mpaka mafuta yafikie kiasi cha asilimia 40 ya eneo la mshipa. Ni kama mchwa ndani ya nguzo: rangi ya nje haijapasuka, na nyumba inaliwa. Mtu wa namna hiyo akiingia Cathlab anaweza kuambiwa mishipa yake ni safi. Na hata njia ikiwa imebana, madaktari wawili wakitazama picha moja hawaafikiani kila mara imebana kwa asilimia ngapi.

Halafu kuna hesabu iliyochapishwa Marekani mwaka 2010. Kati ya watu karibu 400,000 waliopitishiwa katheta bila dharura, na ambao hawakuwa wakijulikana kuwa na ugonjwa huu, waliokutwa na mshipa ulioziba kwa kiwango cha maana walikuwa asilimia 37.6. Waliobaki walichomwa, wakasukumiwa dawa, wakapigwa mionzi. Je, walipata nafuu ya moyo kwa kujua, au walibebeshwa hatari isiyowahusu? Sijapata jibu linaloniridhisha.

Mpinzani wa katheta ni CT scan ya mishipa ya moyo. Mgonjwa hupewa kidonge cha kupunguza kasi ya mapigo, yakaribie 60 kwa dakika, na dawa ya chini ya ulimi ya kutanua mishipa. Dawa ya rangi hupita kwenye mshipa wa kawaida wa mkononi, naye akijisikia joto mwili mzima. Anabana pumzi sekunde chache, basi. Hakuna kinachogusa moyo, na picha inaonyesha njia pamoja na ukuta wake.

Mwaka 2022, utafiti uitwao DISCHARGE, uliofanywa katika vituo 26 vya Ulaya, ulitoa matokeo ya wagonjwa 3,561 wenye maumivu ya kifua yasiyo ya dharura, nusu wakianza na CT na nusu na katheta. Katika miaka kama mitatu na nusu, waliofariki kwa moyo au kupata shambulio la moyo au kiharusi walikuwa asilimia 2.1 upande wa CT na 3.0 upande wa katheta, tofauti ambayo wanatakwimu hawaikubali kuwa ushindi. Madhara makubwa ya kipimo na tiba iliyofuata ndiyo yaliyotengana wazi: asilimia 0.5 dhidi ya 1.9. Huko Scotland, utafiti wa SCOT-HEART uliwafuatilia watu 4,146 kwa miaka mitano. Walioongezewa CT juu ya vipimo vya kawaida walikufa kwa ugonjwa huu au kupata shambulio kwa asilimia 2.3, wenzao 3.9. Maelezo yanayokubalika zaidi ni ya kawaida kabisa: daktari aliyeyaona mafuta ukutani aliandika dawa za lehemu na aspirini mapema.

CT nayo ina udhaifu wake. Kalsiamu nyingi mshipani hung'aa na kuficha njia; stenti ndogo, vile vibomba vinavyoachwa mshipani kuushikilia wazi, huisumbua; mapigo yasiyo na mpangilio huharibu picha; na figo mbovu haziipendi dawa ya rangi, iwe ya CT au ya katheta. Wala CT haizibui kitu. Katheta ikikuta kizuizi, puto na stenti viko tayari mezani.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Maumivu makali ya kifua yasiyoachia, yenye jasho na kukosa pumzi, ni safari ya hospitali sasa hivi, na Cathlab ikiwepo isijadiliwe. Lakini kama maumivu yako huja ukipanda ngazi na kuondoka ukipumzika, na ukaambiwa ukapitishiwe katheta, muulize daktari kwanza kama CT ya mishipa ya moyo inapatikana na kama inakufaa. Uingereza, tangu 2016, mwongozo wa taifa unaagiza kuanza na CT.