Twende Tukaone Maporomoko ya Nyahururu

Mkulima, ukiisha kuuza viazi vyako, na ukipata mtu wa kukukamulia ng'ombe, tenga siku moja uwapeleke mama na watoto Nyahururu wakayaone maporomoko. Siku hiyo haitapotea bure.

Kutoka mjini ni mwendo mfupi. Kwanza utasikia ngurumo, ndipo utaona: mto Ewaso Narok, uliotoka milima ya Nyandarua ukapita polepole kinamasini, unaanguka ghafula mita 74, yaani futi 240 na zaidi kidogo. Wenyeji waliyajua siku zote. Joseph Thomson, msafiri kutoka Skotlandi, aliyafikia mwaka 1883, na kwa muda mrefu mji wenyewe uliitwa kwa jina lake.

Kiingilio hulipwa mlangoni. Vaa koti, maana hapo ni zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, na manyunyu ya maji hulowesha. Njia ya kushuka bondeni ni kali, na wakati wa vuli huteleza sana. Mimi nilishuka na viatu vya kanisani, nikafika chini kwa makalio. Mshike mtoto mkono, wala asikaribie ukingo.

Sasa yatazame maji yenyewe. Baada ya mvua ya vuli yana rangi ya chai ya maziwa, na rangi hiyo si ya mto. Ni udongo wa juu, ule wenye rutuba, uliotoka katika mashamba yaliyolimwa kufuata mteremko mpaka kando ya maji. Mtu ananunua mfuko wa mbolea leo, kesho mvua inamchukulia. Labda ni jirani yako. Labda ni wewe.

Na mto hauishii hapo. Ewaso Narok huingia Ewaso Ng'iro, nao hushuka hata Samburu na Isiolo, kuelekea kinamasi cha Lorian, ambako wafugaji huutegemea kwa mifugo yao.

Urudipo nyumbani, shuka mpaka mwisho wa shamba lako. Lima kwa kukingama mteremko, panda majani ya nepia juu ya matuta, na ukingo wa mto uuache na nyasi zake na miti yake. Kisha mvua ikinyesha, chota maji yanayotoka shambani mwako, uyatie katika chupa, uyaache yatulie hadi asubuhi. Tazama ni udongo kiasi gani umekaa chini.