Ubongo Ukiumia, Chungeni Mapafu

Mtu akigongwa na gari kwenye Barabara ya Ngong, hapo karibu na Woodley, jamaa zake huwaza kichwa tu. Akikimbizwa Hospitali Kuu ya Kenyatta, ambayo si mbali, swali lao ni moja: ubongo umeumia kiasi gani? Lakini wengi wanaonusurika siku za kwanza hukabiliwa na hatari nyingine, nayo imo kifuani.

Ubongo ndio unaoamrisha kukohoa na kumeza. Ukiumia vibaya, mate, matapishi au chakula huteremka mapafuni, na mgonjwa hana nguvu za kukohoa avitoe. Nimonia huanzia hapo. Hata mashine ya kupumulia, ingawa huokoa maisha, huwafungulia viini njia.

Ndiyo maana wauguzi huinua kichwa cha kitanda nyuzi 30 hivi, humgeuza mgonjwa kila baada ya saa chache, humsafisha kinywa na kufyonza makohozi. Chakula hupitia mrija wa puani.

Hapa jamaa hukosea, tena kwa mapenzi. Huja na uji kwenye chupa, wakaona mgonjwa amefumbua macho, wakamnywesha kwa siri. Kufumbua macho si kuweza kumeza! Uji huo waweza kumrudisha kwenye mashine. Subirini kwanza apimwe anavyomeza.

Akiruhusiwa kwenda nyumbani, mlisheni akiwa ameketi wima, wala asilale mara tu baada ya kula. Akipaliwa mara kwa mara, akishikwa na homa au akihema haraka, mrudisheni hospitali siku hiyo hiyo.