Pasipoti ya Kwetu, Diwani wa London

Mtanzania anayeishi Lewisham au Newham kwa viza halali anaweza kumchagua diwani wa kata yake hata kama hana uraia wa Uingereza. Haki hiyo anaipata kwa sababu nchi yake imo katika Jumuiya ya Madola. Ndivyo ilivyo kwa Mkenya na Mganda, na pia Mnyarwanda, ambaye nchi yake ilijiunga mwaka 2009. Mkongomani na Mrundi hawana nafasi hiyo kwa pasipoti zao. Kwa Mtanzania jambo hili lina uzito wa pekee: sheria ya kwao haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na hapa hadaiwi kuuacha wake ndipo asikilizwe.

Na kuna mengi ya kusikilizwa. Manispaa 32 za London ndizo zinazosimamia nyumba za kaunsili, uzoaji taka, maktaba, vibali vya ujenzi na matunzo ya wazee. Madiwani wote huchaguliwa kwa mpigo mwezi Mei, kila baada ya miaka 4.

Wengi wetu hukwama kwenye karatasi ya kura. Nyumbani tumezoea kura moja kwa diwani mmoja. London, kata nyingi zina viti 2 au 3, na una kura nyingi kama viti vilivyopo. Anayeweka X moja na kuondoka kura yake ni halali, ila nyingine ameziacha mezani. Majina hupangwa kialfabeti kwa jina la ukoo, na mara nyingi aliye juu humpita mwenzake wa chama kilekile aliye chini, kwa sababu ya herufi tu.

Mfumo huu una kasoro kubwa. Chama kinachoongoza kidogo katika kila kata kinaweza kuzoa viti vyote. Lewisham, mwaka 2018 na tena 2022, Labour ilichukua viti vyote 54. Waliopigia vyama vingine hawakubaki na diwani hata mmoja wa kuibana bajeti barazani. Hata hivyo ngome huanguka: mwaka 2022 Westminster, iliyoshikwa na Conservative tangu uchaguzi wake wa kwanza wa 1964, ilikwenda Labour.

Kituoni hutaulizwa kichinjio, yaani kadi ya mpiga kura, wala hutachovya kidole kwenye wino. Utatakiwa kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubaliwa, hata ikiwa muda wake umekwisha, mradi sura ingali yako. Asiye na kitambulisho huomba cheti cha mpiga kura, bure.

Lakini lazima jina liwe daftarini, na uandikishaji hufungwa siku 12 za kazi kabla ya kura. Jiandikishe mapema, umsaidie na mzazi unayeishi naye kujiandikisha ikiwa ana haki hiyo, na siku ikifika zitumieni kura zenu zote.