Masasisho ya Vifaa kwa Njia ya Mtandao: Yanavyofanya Kazi na Wajibu wa Mwananchi

Na Mwandishi Wetu

Mwaka 2024 wateja wanaotumia mita za LUKU nchini walitakiwa kuingiza kwa mkono makundi mawili ya tarakimu 20 kabla ya kuingiza tokeni ya umeme waliyonunua. Zoezi hilo, lililofanyika pia katika nchi nyingine zinazotumia mita za aina hiyo, lilikuwa na ukomo usiosogezeka: tarehe 24 Novemba, 2024. Mita zinazofuata mfumo wa kimataifa wa STS huhesabu muda wa tokeni kwa dakika kuanzia mwaka 1993, na kihesabio chake kina nafasi ya dakika 16,777,216 tu, sawa na takribani miaka 32. Mita ambayo isingehuishwa ingekataa tokeni mpya. Kwa kianzio kipya cha mwaka 2014, hesabu hiyo itatosha hadi mwaka 2045.

Zoezi hilo linaonesha kuwa kifaa kinachofungwa ukutani leo kitahitaji marekebisho miaka mingi baadaye. Kwa kuwa mita nyingi hazina mawasiliano ya moja kwa moja na mitambo ya shirika, mwananchi mwenyewe ndiye aliyebeba marekebisho hayo hadi kwenye kifaa. Kwa vifaa vilivyounganishwa na mtandao, kama vile simu janja, kamera za ulinzi, ruta, mita janja na magari ya kisasa, kazi hiyo hufanywa na programu ndogo iliyomo ndani ya kifaa, ambayo hupokea na kusimika masasisho bila fundi kufika nyumbani.

Kwa nini masasisho ni suala la usalama

Hakuna programu isiyo na kasoro, na baadhi ya kasoro hugunduliwa baada ya kifaa kuuzwa. Mwezi Julai, 2015, baada ya watafiti wawili wa Marekani, Charlie Miller na Chris Valasek, kuonesha kuwa gari aina ya Jeep linaweza kuingiliwa kwa mbali kupitia mtandao, kampuni ya Fiat Chrysler ilitangaza kurekebisha magari milioni 1.4. Wamiliki walitumiwa kwa posta vihifadhi data vya USB ili wavichomeke wenyewe.

Mwaka 2016, programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani ambazo wamiliki wake hawakuwa wamebadili nywila za kiwandani. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn, na tovuti kubwa kadhaa zikashindwa kufikika. Wengi wa wamiliki hawakujua kuwa kamera zao zilihusika.

Sasisho linavyothibitishwa

Hata hivyo, mlango unaotumiwa na fundi unaweza kutumiwa na mwizi. Anayeweza kutuma sasisho anaweza kukigeuza kifaa apendavyo. Kwa sababu hiyo programu inayopokea masasisho hupaswa kufanya uhakiki ufuatao kabla ya kukubali chochote.

Kwanza, huhakiki saini ya kidijitali. Mtengenezaji hutia saini kwa ufunguo wa siri anaobaki nao, na kifaa hukagua saini hiyo kwa ufunguo wa umma uliowekwa ndani yake kiwandani. Faili ikibadilishwa njiani, hata kwa herufi moja, saini hailingani tena na sasisho hukataliwa.

Pili, huhakiki iwapo sasisho linahusu kifaa cha aina hiyo. Mwaka 2017 kampuni moja ya Marekani ilituma kwenye kufuli zake za kielektroniki sasisho lililokusudiwa kwa toleo jingine, na mamia ya kufuli yakashindwa kufanya kazi. Saini halali pekee haitoshi ikiwa dawa ni ya mgonjwa mwingine.

Tatu, huhakiki namba ya toleo. Mshambuliaji anaweza kutuma toleo la zamani lenye saini halali lakini lenye kasoro inayofahamika, hivyo kifaa hukataa kurudishwa nyuma kwa namna hiyo.

Nne, hujiandaa kwa kushindwa. Umeme unaweza kukatika au mtandao ukapotea katikati ya kazi. Vifaa vilivyosanifiwa vizuri vina sehemu mbili za kuhifadhia mfumo: toleo jipya huandikwa katika sehemu ya pili huku la zamani likiendelea kufanya kazi. Kifaa kikiwaka na toleo jipya likishindwa majaribio, hurejea chenyewe kwenye lile la awali. Aidha, mtengenezaji makini hutuma sasisho kwa vifaa vichache kwanza kabla ya kuvifikia vyote.

Wajibu wa mwananchi

Kabla ya kununua kifaa, uliza ni kwa muda gani mtengenezaji ataendelea kutoa masasisho ya usalama. Nchini Uingereza, sheria iliyoanza kutumika tarehe 29 Aprili, 2024 inamtaka mtengenezaji kutangaza muda huo, na inapiga marufuku nywila za kiwandani zilizo rahisi kukisiwa. Kifaa cha bei nafuu kisicho na masasisho kinaweza kuwa ghali zaidi kwa mmiliki wake.

Baada ya kununua, badili nywila ya kiwandani na uruhusu masasisho ya moja kwa moja kupitia mipangilio ya kifaa chenyewe. Sasisho linapoendelea, usizime kifaa. Usifungue kiungo cha sasisho kilichotumwa kwa ujumbe mfupi au kwenye makundi ya mitandao ya kijamii, wala usimpe mtu yeyote nywila yako kwa madai kwamba anakusaidia kuhuisha kifaa. Sasisho halali halihitaji nywila yako kwa njia ya simu.

Kifaa ambacho mtengenezaji wake ameacha kukihudumia kiondolewe kwenye mtandao, hususan kamera na ruta, kwa kuwa kasoro zitakazogunduliwa baada ya hapo hazitarekebishwa, na madhara yake yanaweza kumfikia mtu asiyekuwa na kifaa hicho kabisa.