Jina Mgongoni: Majina ya Koo za Ulaya Yanasema Nini

Jumamosi jioni banda umiza linapojaa, jina la Ødegaard hutamkwa kwa namna kumi. Yuko anayesema Odigadi, yuko wa Odegaa, na yuko aliyechoka kabisa anayemwita Kapteni. Jezi za Arsenal zenye jina hilo zinauzwa hadi minadani. Niliwahi kumuuliza kijana mmoja aliyeivaa kama anajua maana ya neno alilolibeba mgongoni. Akanijibu kwamba ni jina la mchezaji, basi.

Kwa Mnorway, jina hilo linasomeka kama sisi tunavyosoma Kisimani au Mbuyuni. *Øde* ni pale palipoachwa pakabaki patupu, na *gård* ni shamba pamoja na nyumba na mazizi yake. Kiswahili kina neno moja linalotosha kabisa: mahame.

Kwa nini mtu aitwe Mahame? Mwaka 1349 tauni iliyokuwa ikiteketeza Ulaya iliingia Norway na kuua sehemu kubwa mno ya watu. Shamba baada ya shamba lilibaki bila wa kulima wala wa kuzika. Misitu ikarudi mpaka mlangoni. Vizazi vilivyofuata vilipoanza kufyeka upya, majirani walikuwa tayari wamezoea kupaita mahali pale mahame, na aliyehamia pale akawa mtu wa Mahame. Mashamba ya jina hilo yako mengi, yametapakaa nchi nzima, kwa hiyo akina Ødegaard wawili wakikutana leo si lazima wawe na babu mmoja. Wanachoshirikiana zaidi ni kumbukumbu ya msiba uleule.

Jina la shamba huko Norway lilifanya kazi ya anwani. Tuseme mtu anaitwa Ola Hansen Ødegaard. Ola ni jina lake, Hansen ni kwamba babake ni Hans, na Ødegaard ndipo anapoishi. Akihamia shamba la Haugen, yaani Kilimani, anakuwa Ola Hansen Haugen, na hakuna anayeshangaa. Mambo yalikwenda hivyo karne nyingi mpaka sheria ya mwaka 1923 ilipotaka kila familia iwe na jina moja la kudumu. Tangu hapo ukihama, jina huhama nawe.

Mimi nafundisha historia ya majina, na jambo ninalotamani kila mwanafunzi wangu alishike ni hili la Ola. Majina ya koo ya Ulaya yalianza kama maelezo tu, maneno ya jirani akimtofautisha Yohana huyu na Yohana yule. Aliyeyafanya yawe ya kurithiwa ni karani mwenye kalamu na daftari, na mara nyingi daftari lenyewe lilikuwa la kodi.

Twende Uingereza. Baada ya Wanormani kuiteka nchi hiyo mwaka 1066, majina machache ya ubatizo yalishika chati: William, Robert, John, Thomas. Kijiji kimoja kingeweza kuwa na akina William watano, na majirani walifanya kile tunachokifanya sisi tukiwa na akina Juma watano mtaani: huyu Juma Fundi, yule Juma wa Bondeni, Juma Mrefu, Juma wa Mzee Salehe. Kazi, mahali, umbo, mzazi. Chukua jina lolote kwenye orodha ya wachezaji wa Ulaya, uwezekano ni mkubwa kwamba litaangukia mojawapo ya mafungu hayo manne. Virgil van Dijk ni wa Tutani, tuta lile la kuzuia maji ya bahari Uholanzi. De Bruyne ni wa kahawia, pengine kwa nywele au rangi ya ngozi ya babu fulani. Rossi, jina lililoenea mno Italia, ni wale wenye nywele nyekundu.

Majina kama hayo yalikuwa yakibadilika ovyo hadi serikali ilipohitaji kumjua kila mtu. Kati ya 1377 na 1381 wafalme wa Uingereza, wakiwa na vita visivyokwisha na Ufaransa, walitoza kodi ya kichwa mara tatu. Wazee wetu wanaijua kodi ya kichwa, sihitaji kuieleza. Karani alipita kijijini akiandika jina na malipo, na kwa mtafiti wa majina orodha zile ni hazina isiyo na mfano, kwa sababu zinawaonyesha watu wa kawaida katika wakati uleule ambapo maelezo yalikuwa yakigeuka ukoo. Mara ya tatu kodi ilipanda mpaka shilingi nzima kwa kila mtu aliyezidi miaka 15, na wakulima wakaasi. Aliyewaongoza kuingia London mwezi wa Juni 1381 aliitwa Wat Tyler. Tyler maana yake ni mwezekaji wa vigae.

Sasa nenda mbele miaka 600. Mwaka 1989 kodi ya kichwa ilirudishwa Uskoti, na mwaka uliofuata ikafika Uingereza na Wales. Watu waliandamana, London ikawaka moto wa ghasia tarehe 31 Machi 1990, na kabla mwaka haujaisha waziri mkuu aliyeileta alikuwa ameng'oka. Huyo ni Margaret Thatcher. Thatcher pia ni mwezekaji, ila huyu ni wa nyasi, angekuwa pwani tungemwita fundi makuti. Jina lilikuwa la mumewe. Yeye alizaliwa Roberts, watoto wa Robert. Huwa nalisimulia hili darasani kila mwaka na bado linanisisimua, wezekaji wawili na kodi moja.

Tyler aliuawa mahali paitwapo Smithfield, na hapo ndipo ninapotaka kuonya kuhusu kutafsiri kwa sikio. Smith ni mhunzi, kwa hiyo msikilizaji wa haraka atasema Smithfield ni uwanja wa wahunzi. Sivyo. Asili yake ni neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya laini au tambarare. Ni uwanda tu.

Mhunzi mwenyewe yuko kila mahali. Mjerumani anamwita Schmidt, Mhungaria Kovács, Mpoland Kowalski, Mrusi Kuznetsov, Mfaransa Lefebvre, Mwitalia Ferrari. Ndiyo, gari lile jekundu la kifahari lina jina la mfua chuma. Mateo Kovačić wa Kroatia ni mtoto wa mhunzi. Sababu ya wingi huo ni nyepesi: kila kijiji kilihitaji jembe, kwato za farasi zilihitaji chuma, na kijiji kilikuwa na mhunzi mmoja au wawili tu. Kumwita mtu mhunzi kulimtambulisha mara moja. Kumwita mtu mkulima mahali ambapo kila mtu analima kusingemsaidia yeyote.

Jina la kazi ninalolipenda kuliko yote ni Walker. Mwanafunzi aliwahi kuniambia kwa uhakika kwamba Kyle Walker ni mtembeaji, na kwa Kiingereza cha leo yuko sahihi. Lakini tazama kazi yenyewe. Kitambaa cha sufu kikitoka kwenye kitanda cha mfumaji huwa kimelegea, nyuzi zinaachana, na kina mafuta ya kondoo. Hakifai kuvaliwa kwenye baridi ya kule. Kilitumbukizwa kwenye beseni kubwa pamoja na udongo maalumu wa kunyonya mafuta na mkojo uliochachuka, uliokusanywa nyumba kwa nyumba, kwa sababu mkojo wa siku nyingi una amonia inayokata grisi. Kisha mtu akapandisha nguo hadi mapajani, akaingia, akakanyaga. Alikanyaga saa nzima, saa ya pili, ya tatu, harufu ikimpanda puani, mpaka nyuzi zikashikana na kitambaa kikawa kizito. Huyo ndiye Walker. Kuanzia karne ya 12 vinu vya maji vilianza kuchukua nafasi ya miguu, nyundo za mbao zikigonga badala ya nyayo, lakini jina lilikuwa limeshamshika mtu. Kaskazini mwa Uingereza waliitwa Walker, kusini mashariki Fuller, kusini magharibi Tucker. Kazi ni ileile moja, na mpaka leo majina hayo matatu yanaweza kudokeza ni pembe gani ya nchi babu alikanyagia kitambaa.

Fungu la mzazi ni kubwa na rahisi kulitambua ukishajua viambishi. *Son* na *sen* ni mwana. *Mac* ya Uskoti na Ireland ni mwana, *O'* ya Ireland ni mjukuu au mzawa. Mhispania anaweka *ez*, kwa hiyo González ni wa Gonzalo, na Mreno anaweka *es*. Wawelsh walisema *ap*, ambayo Waingereza waliimeza ikagandamana na jina: ap Rhys akawa Price, ap Hywel akawa Powell.

Denmark ndiko ninakoona hasara ya kuligandisha jina. Zamani binti wa Jens aliitwa Jensdatter, binti Jens, na kaka yake Jensen. Sheria ya 1828 ilitaka jina moja la familia, na ingawa ilichukua miongo kadhaa watu kuikubali, hatimaye ilishinda. Jensen likabaki, Jensdatter likapotea. Leo maelfu ya wanawake wa Denmark wanaitwa wana wa kiume wa watu waliokufa karne mbili zilizopita, na neno lililowataja wao wenyewe halimo tena kwenye hati zao.

Jambo jingine ambalo watu hulikosea ni kudhani kwamba jina la ukoo ni ushahidi wa damu. Bruno Fernandes ni Mreno, na jina lake ni wa Fernando. Lakini akina Fernandes, de Souza na Pinto walikuwa Zanzibar, Mombasa na Nairobi kabla hujazaliwa, makarani, wapishi na mafundi cherehani waliotoka Goa. Wareno waliiteka Goa mwaka 1510, na mtu wa huko alipobatizwa alipewa jina la padri au la msimamizi wake wa ubatizo. Pio Gama Pinto, mpigania uhuru wa Kenya aliyeuawa Nairobi mwaka 1965, alibeba majina ya Kireno ya namna hiyo. Sousa, kwa taarifa yako, ni mto wa kaskazini mwa Ureno. Wengi wanaoitwa hivyo hawajawahi kuuona.

Na wale wawili waliokutana Ujiji mwaka 1871, ambao kila mtoto wa shule anawajua? Stanley hakuzaliwa Stanley. Alizaliwa Wales mwaka 1841 akaitwa John Rowlands, na jina la pili alilichukua Marekani akiwa kijana. Livingstone naye, wengi wanadhani ni jiwe lililo hai. Jina linatokana na Livingston, mji wa Uskoti, maana yake makazi ya mtu aliyeitwa Leving. Halina jiwe hata moja. Mwenye mawe ni Stanley, maana *stan* katika Kiingereza cha kale ni jiwe, na jina zima ni uwazi wa msituni wenye mawe.

Iceland ndiyo nchi ya Ulaya iliyokataa. Kule mtu bado ni mtoto wa mzazi wake na basi. Vigdís Finnbogadóttir, rais wao kuanzia 1980 hadi 1996 na mwanamke wa kwanza duniani kuchaguliwa na wananchi kuwa mkuu wa nchi, ni Vigdís binti Finnbogi, kama mtu wa Lamu au Bagamoyo angeandikwa. Mwaka 1925 walipitisha sheria ya kuzuia majina mapya ya ukoo yasiingie. Vitabu vyao vya simu vilipangwa kwa jina la kwanza, kwa kuwa ndilo jina la mtu. Lile la pili linaeleza tu katoka kwa nani. Baba, mama, mwana na binti katika nyumba moja wanaweza kuwa na majina manne tofauti ya mwisho.

Msomaji wa Tanzania anaijua nyumba hiyo. Sisi wengi tunaandika jina letu, la baba, na la babu, kwa hiyo jina la tatu la baba si la tatu la mtoto. Mimi na mwanangu tumewahi kuwekwa pembeni kwenye dirisha la uhamiaji la uwanja mmoja wa ndege Ulaya kwa dakika arobaini, tukiulizwa kwa nini baba na mwana hawana jina moja la ukoo. Nilimweleza afisa yule kuhusu Iceland. Alitabasamu, akaendelea kutafuta.

Kwa hiyo unapojaza fomu yenye kisanduku cha jina la ukoo, chagua jina moja na uliandike hilohilo, kwa herufi zilezile, kwenye pasipoti, kitambulisho, cheti cha shule na hati ya benki. Na ukisafiri na mtoto mwenye jina la mwisho tofauti na lako, beba cheti chake cha kuzaliwa kwenye mkoba wa mkononi. Usikiweke kwenye begi la chini ya ndege.